Nilivyobadilisha shokomzoba za Landrova ya used Kisauni, na kina mama waliokuwa na adabu mno hata wasiniambie ukweli

Wakuu, salaam aleikum kwa wanaoitikia, na hamjambo kwa waliobaki.

Wiki hii nimesoma uzi wa kijana mmoja humu anayetaka kubadilisha shock za SUV yake ya used. Gari lamrusha, na kwenye kona lalala. Mmemjibu kurasa sita. Kila mtu ana kampuni yake, na wawili wenu mmefikia kutukanana.

Mimi sina kampuni ya kumtajia. Nina kisa, na kilinipata mwenyewe. Mkionja chumvi imezidi mahali, basi ni ya uzee, si ya uongo.

Nina miaka themanini na ushei na nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo vuteni subira.

Miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, Wazungu wengi wa Mombasa walikuwa wakifunga mizigo. Ukipita mitaa yao unakuta vitu vimetolewa barazani vinauzwa: friji, viti, piano, hata mbwa. Bwana mmoja wa mambo ya kilimo alikuwa akiuza Landrova yake, ile ndefu, yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana na turubai juu.

Mimi nilikuwa karani wa ghala Changamwe, kijana wa Kisauni, kanzu safi, akili nusu.

Nikainunua.

Watu wakaniuliza, karani na Landrova wapi na wapi? Nikawajibu kwamba siku za mapumziko nitabeba kina mama wa mtaani wanaokwenda arusini Likoni au matangani Changamwe, watu wa heshima wasiopenda kubanwa kwenye basi. Hiyo ilikuwa kweli, lakini nusu tu.

Nusu ya pili iliitwa Rukia.

Rukia alilelewa na nyanya yake, Bi Mwanakombo, na mtaa mzima ulijua kwamba posa ya Rukia haipiti isipopita mikononi mwa bibi huyo. Tena kina mama wote walimfuata yeye. Akipanda gari lako, wote wapanda. Akishuka, umefunga duka.

Kwa hiyo nilijipangia kazi nyepesi: nimbebe Bi Mwanakombo vizuri, nipate abiria, na mke nipate.

Sasa gari lenyewe.

Kwa msiojua, springi ndizo zinazobeba gari. Shokomzoba, hizo mnazoita shock, kazi yake ni kuzituliza springi zisiendelee kucheza ngoma baada ya kila shimo. Zikifa, gari likipita shimo moja linaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka lifike shimo jingine.

Zangu zilikuwa zimekufa siku nyingi. Mafuta yalikuwa yamevuja, yakakauka, yakashika vumbi. Kwenye kona ya Frere Town gari lililala ubavu nami nikalala nalo. Daraja la Nyali wakati ule lilikuwa la kuelea, na maji yakipwa, mteremko wa kuingilia ulikuwa mkali. Nikishuka pale pua ya gari ilizama kama ya ng'ombe anayekwenda kunywa maji.

Hata hivyo safari ya kwanza niliifanya hivyohivyo. Ilikuwa arusi ya Likoni, na nyuma nilikuwa na kina mama sita, Bi Mwanakombo akiwa wa kwanza kupanda.

Kabla sijawasha gari mamangu alitoka nje, akakitazama kile kioo cha ndani cha kuonea nyuma.

"Athmani, kioo hicho kigeuze. Watu wasije wakasema mwanangu yuwatazama wake za watu."

Nikakigeuza kikatazama dari. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wetu. Dereva hutazama mbele, na kina mama huko nyuma wana dunia yao, hawaangaliwi wala hawasemeshwi ovyo.

Njiani nikawasikia. "Subhanallah!" Kisha baada ya kitambo kidogo, "La ilaha illallah!" Sauti zote sita kwa pamoja.

Nikajiambia, mashallah, kina mama hawa wana dini, hata safarini hawaachi kumtaja Mola. Niliona hata gari langu limepata baraka.

Tulipofika Likoni nikazunguka nyuma, nikafungua mlango, mkono kifuani. "Mama zangu, safari ilikuwaje?"

Bi Mwanakombo alishuka polepole, akatengeneza buibui lake. "Alhamdulillahi mwanangu. Raha mustarehe."

"Kana kwamba tulikuwa kitandani," akaongeza mwenzake.

Wakuu wa bara, hapa niwaeleze kidogo. Kwetu ukialikwa chakula ukakuta chumvi imezidi, unasema ni kitamu kisha unaomba maji. Mtu akikubeba garini mwake, unasema raha. Mimi nimezaliwa humo na kukulia humo, nimewaambia uongo wa namna hiyo wenzangu mara ngapi sijui. Lakini siku nilipoambiwa mimi, niliamini kila herufi.

Basi nikapima mambo hivi: abiria wana raha, kwa hiyo kasoro iko usukanini tu, gari linalala kwenye kona. Dawa yake ni kulikaza.

Nikapeleka shauri barazani kwetu. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na gari, lakini wote walikuwa na rai, nayo ilikuwa moja: kigumu ndicho imara.

Nikatafuta mpaka nikapata shokomzoba zilizotoka kwenye gari la mizigo mizito. Fundi mmoja wa mtaani akazitengenezea vishikio, akazifunga zote nne. Nami kwa ujuzi wangu mwenyewe nikazijaza tairi upepo mpaka ukizigonga zinalia.

Wallahi gari lile liliiva! Frere Town nilikata kona kwa mkono mmoja. Darajani pua haikuinama hata kidogo. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, juu ya mto wa sufi alionishonea mamangu, nikajiona mimi ndiye bwana kilimo.

Nyuma, kina mama walizidi kumtaja Mungu. Safari hii waliwataja na mitume.

Tulipofika nikauliza tena, mkono kifuani vilevile.

"Hata hatukujua kama twatembea," alinijibu Bi Mwanakombo. Alikuwa ameshika kiuno, nikadhani ni umri.

Halafu abiria wakaanza kupungua.

Hakuna aliyelalamika. Mmoja aliniambia ana mgeni. Jirani yake naye akaniambia ana mgeni, na nilipochunguza nikakuta ni mgeni yuleyule. Wa tatu alisema siku hizi anapenda basi kwa sababu ndani yake anaona watu.

Bi Mwanakombo, mtu wa miaka sabini, alisimama mlangoni kwake akanipa tabasamu zuri kabisa. "Leo miguu yangu yataka kutembea, mwanangu. Enda salama."

Baadaye nikamwona njiani na mwavuli wake, anajikongoja kuelekea darajani. Nikapunguza mwendo nimwombe apande. Aliposikia muungurumo wa Landrova akakata kichochoroni. Sikujua bado ana mbio zile.

Wiki hiyohiyo ami yangu alikwenda kuniposea, maana babangu alikuwa ameshafariki. Akarudi na jibu la Bi Mwanakombo: "Tumesikia. Kijana hana ila. Tutatazama."

Watu wa pwani mmeshaelewa. Ukiambiwa huna ila, ila ipo, tena ni kubwa hata haitajiki.

Nilihuzunika sana. Mahamri ya mamangu yalikuwa yakipoa mbele yangu. Nikaanza kujikagua, ni ukoo? Ni kazi? Ni meno? Palikuwa na mwalimu mmoja wa shule aliyezoea kupita mbele ya nyumba ya kina Rukia kila alasiri kwa baiskeli, nikaanza kuamini kwamba nimeshindwa na baiskeli. Mtu ana Landrova, ameshindwa na baiskeli!

Hilo la baiskeli liliniuma kuliko la kumkosa Rukia, kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu la Rukia likapanda juu na halikushuka tena.

Sasa ingia Mutua.

Fundi Mutua alikuwa Mkamba mwenye kigereji chake Changamwe, karibu na ghala letu. Kiswahili chake hakikuwa na mapambo. Siku hiyo aliniomba nimpeleke Port Reitz na gia boksi aliyokuwa ameitengeneza. Akakaa nyuma ili aishikilie isibiringike.

Hatukuwa tumefika nusu ya njia nikasikia ngumi juu ya bodi.

"Simamisha! Simamisha hii kitu!"

Nikasimama. Akashuka, akainama, ameshika magoti. "Wewe unabeba watu na hii gari?"

"Nawabeba. Tena wasema ni raha mustarehe."

"Nani anasema?"

"Kina mama wa Kisauni."

"Wamerudi kupanda?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye taa.

"Wewe umekaa huku nyuma siku gani?"

"Mimi? Mimi si ndiye dereva?"

Akanyoosha mkono. "Leta funguo. Panda."

Nikapanda, nikakaa benchi la kushoto, juu ya gurudumu. Mutua hakwenda kasi, alikwenda mwendo wangu uleule. Shimo la kwanza likanitoa kwenye benchi. La pili kichwa changu kikagonga chuma cha turubai. La tatu nikauma ulimi. La nne, wakuu, nilijisikia nikipiga kelele, "La ilaha illallah!"

Hapo ndipo nilipoelewa ile dini ya kina mama.

Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hiyo nilikuwa nikiwatolea wenzangu tangu utotoni.

Tulipofika Port Reitz sikushuka mara moja. Niliona haya, haya ya kweli. Niliwaona wale kina mama wazima, na buibui zao, wamepakata sinia za halua, wanarushwa kutoka Kisauni mpaka Likoni, kisha wanashuka na kunishukuru. Na mimi nimewafungulia mlango nikachekelea.

"Fundi," nikamwambia Mutua, "nisaidie."

Siku ya pili yake tukaingia chini ya gari. Mutua akanifunza mambo ambayo mpaka leo sijayasikia yakisemwa vizuri zaidi, na kijana mwenye SUV asikilize hapa.

Shokomzoba hizi, aliniambia, ni za gari linalobeba tani. Wewe unabeba kina mama sita na sinia. Uzito huo hauzisukumi, kwa hiyo hazichezi, na kila shimo linapita moja kwa moja mpaka uti wa mgongo.

Kisha akakuta kwamba yule bwana wa kilimo alikuwa ameongeza jani moja zaidi, lile bapa la chuma, kwenye springi za nyuma, kwa ajili ya magunia yake ya mbolea. Akalitoa. Bushi, zile raba za kwenye maungio, zilikuwa zimekwisha, akaweka mpya. Tairi akazipunguza upepo, na kwa kila tairi alinitazama usoni.

Ikabaki kuchagua. Dukani mjini palikuwa na aina mbili zinazoingia, laini na za wastani. Muuzaji alikuwa akimjua Mutua, akatukubalia tuzijaribu zote mbili kwa sharti la kurudisha zisizotufaa zikiwa safi.

Tukajaribu njia moja, mwendo mmoja, Mutua usukanini na mimi nyuma juu ya gurudumu. Tulipakia na magunia mawili ya mchanga yakae badala ya kina mama, Mungu anisamehe.

Zile laini zilianza kama usingizi. Kwenye mashimo sikusikia kitu. Lakini Frere Town gari likalala, darajani likazama na kuibuka, na tulipotoka upande wa pili nilikuwa nimeshika tumbo. Raha ya dakika kumi, kichefuchefu mpaka magharibi.

Za wastani ulizisikia. Shimo ulijua kwamba ni shimo. Lakini gari lilishuka mara moja, likapanda mara moja, likatulia, na konani lilisimama vizuri. Nilikaa mpaka mwisho wa safari sijamtaja mtume hata mmoja.

"Hizi," nikasema.

"Sasa umechagua wewe," Mutua akasema. "Sio baraza."

Lakini gari zuri lisilo na abiria lanifaa nini? Na Rukia je?

Nikaenda kwa Bi Mwanakombo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi mazuri, yote yakanitoka. Nikasimama pale mlangoni, nikamwambia, "Shikamoo nyanya."

"Marahaba mwanangu. Leo miguu yangu..."

"Nyanya, nilikaa nyuma."

Akanitazama kwanza usoni, kisha kwenye nundu niliyoachiwa na chuma cha turubai kwenye paji la uso. "Ulikaa wapi?"

"Benchi la kushoto, juu ya gurudumu."

"Hapo ndipo pangu," akasema, kisha akacheka mpaka akashika mlango. Alicheka sana, nami nikasimama pale sijui nicheke au nilie.

Alipotulia nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Wewe watufungulia mlango, kanzu yako nyeupe, mkono kifuani, watuuliza safari ilikuwaje. Twambie nini? Twambie meno yangu yalianguka kwenye halua ya watu?" Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akawa si mcheshi tena. "Lakini nikuambie, Athmani. Gari si neno, gari ni chuma. Mimi nilijiuliza, huyu awabeba watu wazima wanapiga ukelele nyuma yake, naye hata hageuki. Nimpe Rukia wangu, Rukia akiumia atajuaje?"

Nikamwambia tu kwamba gari nimelitengeneza, na kama atakubali apande mara moja, na tukifika sitamuuliza chochote.

Alikubali. Alikuwa na ndugu yake amelazwa hospitali ya Port Reitz, akasema tutakwenda kumtazama adhuhuri. Akaja na Rukia.

Kioo nilikuwa bado nimekigeuzia dari. Nikawasha.

Tukapita Frere Town, kimya. Darajani, kimya. Tukavuka kisiwa, tukatokea Changamwe, kule kwenye mashimo yenyewe. Kimya. Hakuna hata Bismillahi! Nikaanza kutokwa na jasho, maana ile dini ya zamani angalau ilinijulisha kwamba wako hai.

Nikafika hospitali, nikasimamisha, nikangoja. Hakuna aliyeshuka. Nikatoka, nikaenda nyuma, nikasimama kando ya turubai bila kuchungulia. "Nyanya, tumefika."

Sauti iliyonijibu haikuwa ya Bi Mwanakombo. Ilikuwa ya Rukia, na ilikuwa mara yake ya kwanza katika maisha yetu kunisemesha moja kwa moja.

"Amelala," alininong'oneza. "Zunguka tena."

Nikazunguka. Nikaenda mpaka uwanja wa ndege, nikarudi. Nikamsikia Bi Mwanakombo akikoroma, wakuu, mkoromo mzito wa mtu mzima aliyelala kwelikweli. Mtu anaweza kusema raha mustarehe kwa adabu. Kukoroma kwa adabu hakuna awezaye.

Nilipofika tena hospitali Rukia akasema, "Bado." Nikazunguka tena. Raundi ya tatu sikungoja kuambiwa.

Saa ya kuwatazama wagonjwa ikapita. Yule ndugu yake mgonjwa alinuna mwezi mzima, na haki yake.

Bi Mwanakombo aliamka njiani tukirudi, karibu na Changamwe. "Tumefika?"

"Tulifika zamani, nyanya," Rukia akamjibu. "Mara tatu."

Tukafika Kisauni. Akashuka mwenyewe, bila kushika kiuno, akatengeneza buibui lake. Nikasimama pale na mkono kifuani, mdomo nimeufunga kama nilivyoahidi.

"Mwambie ami yako aje kesho baada ya Alasiri," akasema. "Aje na watu wake. Na wewe kioo hicho kirudishe mahali pake, mwanangu. Dereva awatazame watu wake."

Tulioana miezi michache kabla ya bendera kupandishwa. Mwalimu alikuja arusini kwa baiskeli yake, akala vizuri.

Basi kijana mwenye SUV, nasaha zangu ni hizi. Jua kwanza unabeba nini siku zote, si siku moja kwa mwaka. Kabla ya kununua shock tazama bushi, springi na upepo wa tairi, huenda ugonjwa uko huko. Usinunue ngumu kwa kuwa ni ngumu wala laini kwa kuwa ni laini. Jaribu njia moja kwa mwendo mmoja. Na mpe mtu usukani, ukakae kiti cha nyuma. Mkeo, mamako na watoto wakikuambia gari liko sawa, wasikilize, washukuru, kisha nenda ukakae.

Na yasiyo ya gari nayo mtajipimia wenyewe.

Kabla sijaupandisha uzi huu nilimpa Rukia ausome. Akausoma wote, miwani puani, polepole, hakucheka nilipodhani angecheka. Akanirudishia simu. "Umeandika vizuri sana, mashallah."

Nikamuuliza, "Ni kweli, au ni adabu?"

"Wewe peleka tu," akasema, anakwenda zake jikoni. "Huko wapo wasiokuwa na adabu, watakuambia."

Haya wakuu. Nimekuja kwenu.